Mtihani wa Biolojia: sema ulichokiona kwanza

Watoto wanaokuja kwangu Kisauni kwa tusheni ya Biolojia huwa wameshasoma. Madaftari yao yamepigwa mistari ya kila rangi, na ukiwauliza moyo una vyumba vingapi watakujibu kabla hujamaliza swali. Lakini kila wakifanya mtihani wa majaribio, alama zinabaki pale pale. Nikizikalia karatasi zao naona jambo lile lile: mtu anakimbilia kueleza kitu ambacho hajakitaja. Ndiyo maana mimi simwanzishi mtahiniwa na kitabu. Namwanzisha na macho yake.

Wengi huacha karatasi ya 3, ile ya maabara, hadi wiki za mwisho. Mimi naanza nayo. Biolojia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina karatasi ya 1 yenye alama 80, ya 2 yenye alama 80, na hii ya 3 yenye alama 40. Alama 40 kati ya 200 ni sehemu ya tano ya mtihani mzima, na hakuna mahali pengine ambapo mwanafunzi wa kawaida anaweza kupanda haraka hivyo.

Chukua vipimo vya vyakula. Jedwali lina nafasi ya utaratibu, nafasi ya yaliyoonekana, na nafasi ya hitimisho. Umetia iodini kwenye mmumunyo uliopewa na hakuna kilichobadilika. Kwenye nafasi ya yaliyoonekana, mwanafunzi anaandika "hakuna wanga". Hapo amepoteza alama, kwa sababu wanga hauonekani kwa jicho. Kinachoonekana ni rangi. Andika kwamba rangi ya kahawia ya iodini imebaki, kisha kwenye hitimisho ndipo useme hakuna wanga. Wananiuliza, "Mwalimu, si ni kitu kimoja?" Si kitu kimoja, mwanangu. Moja umeliona, la pili umelifikiria, na msahihishaji ana alama kwa kila moja.

Kipimo cha sukari ni vivyo hivyo. Mmumunyo wa Benedict ni wa buluu, na ukiupasha moto pamoja na sukari ya aina ya glukosi unapita kijani, manjano na rangi ya machungwa hadi wekundu wa tofali. Andika ulipoanzia na ulipoishia. Kama kwako umesimama kwenye kijani, andika kijani, usiandike wekundu kwa sababu ndio uliokariri. Na usisahau kutaja kwamba ulipasha moto, maana bila joto kipimo hicho hakifanyi kazi. Kwa protini unatia haidroksidi ya sodiamu, halafu salfeti ya kopa tone kwa tone, na rangi ya zambarau ikitokea unaiandika kabla ya kusema lolote juu ya protini.

Haya yanaweza kuzoewa nyumbani. Nunua iodini ya kupaka kidonda kwenye duka la dawa, udondoshe kwenye kipande cha muhogo, kwenye ugali, kwenye ndizi mbichi, kisha kwenye ndizi iliyoiva sana. Muhogo na ndizi mbichi zitageuka buluu inayokaribia weusi. Ile iliyoiva haitageuka kwa kiasi hicho, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanga wake imeshakuwa sukari. Andika kila ulichokiona kwenye jedwali kama uko mtihanini, kisha tupa vyakula hivyo, visiliwe.

Ukienda sokoni, mwombe muuza samaki kichwa cha changu. Funua shavu uone matamvua, viungo vyake vya kupumulia. Kuna mfupa uliopinda, kuna vijino upande wa ndani, na kuna nyuzi nyekundu zimejipanga. Maswali ya jinsi kiungo kilivyoumbwa kufaa kazi yake hayakosi kurudi, na hapa ndipo watoto wangu wengi huanguka, kwa kuandika nusu ya jibu. "Nyuzi ni nyingi" ni nusu. Nyuzi ni nyingi ili eneo la kubadilishana gesi liwe kubwa: hilo ndilo jibu. Kuta zake ni nyembamba ili oksijeni isafiri masafa mafupi. Zina damu nyingi ili oksijeni ichukuliwe upesi na tofauti ya mkusanyiko wake kati ya maji na damu ibaki kubwa. Vijino navyo huchuja taka zisije zikaumiza nyuzi. Umbo, kisha kazi, kila mara. Mwanafunzi aliyekishika kichwa cha samaki huyo hahitaji kukariri mpangilio huu, kwani ataukumbuka kwa vidole.

Sisi wa Mombasa tuna neema nyingine ambayo watoto wa bara huiona kwenye picha tu. Maji yakipwa, nenda kwenye mikoko ya Tudor au Mikindani, pamoja na mtu mzima anayeijua njia. Mchu, aina moja ya miti ya hapo, unachomoza vijiti vya mizizi juu ya tope, kwa kuwa tope lile halina hewa ya kutosha. Majani yake hutoa chumvi kupitia tezi. Mkoko wenyewe umesimama kwa mizizi kama miguu, na mbegu zake huota zikiwa bado mtini.

Hapo hapo mtaona kaa, na kaa watakufundisha hesabu ya ikolojia inayowatisha wengi. Tuseme umekamata kaa 40, ukawatia alama na kuwaachilia. Baadaye umekamata 50, na 10 kati yao wana alama. Zidisha 40 kwa 50, gawanya kwa 10: makadirio ya kaa wote wa pale ni 200. Fomula ni hiyo tu. Swali gumu huja baada yake: ni mambo gani lazima yawe kweli ili makadirio hayo yaaminike? Ukiwa umesimama pale kwenye tope utajibu bila kitabu. Alama isifutike kwa maji. Isimfanye kaa aonekane upesi na ndege. Wenye alama wapewe muda wa kuchanganyika na wenzao. Kaa wengi wasihame wala kuingia kutoka kwingine.

Michoro sitaisemea sana. Penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, hakuna kutia kivuli, mistari ya majina isipishane. Ukuzaji ni urefu wa mchoro kugawanywa kwa urefu wa kitu chenyewe, vipimo vikiwa vya aina moja, na alama ya mara itangulie jibu.

Karatasi ya 2 ina swali la 6, ambalo ni la lazima, kisha unachagua kati ya la 7 na la 8. Una saa 2 kwa alama 80, kwa hiyo swali la alama 20 lisikule zaidi ya dakika 30. Soma yote mawili, orodhesha hoja za kila moja pembeni, uchague lenye orodha ndefu hata kama lile jingine unalipenda zaidi.

Mitihani ya miaka iliyopita ifanye kwa saa, ukijibu kwa Kiingereza, maana ndicho kitakachosahihishwa. Mpe mwenzako akusahihishe kwa mwongozo, asikuonee huruma. Wanaouza karatasi za mtihani Telegram waepuke kabisa. Wanachukua pesa za mama yako na usiku wako wa kusoma.

Nanyi wazazi, joto la Novemba mnalijua. Mwacheni mtoto asome baada ya alfajiri, kazi za dukani zisubiri kidogo. Akiomba kipande cha ini bichi, mpeni. Akikigawa, nusu akaichemsha, kisha akatia haidrojeni peroksidi ya duka la dawa kwenye zote mbili, lile bichi litatoa povu na lililochemshwa litakaa kimya, kwa kuwa joto limeharibu kimeng'enya, ile protini ya ini inayoivunja peroksidi. Peroksidi isimwingie machoni tu. Ini la ukubwa wa kidole linatosha, na chupa moja inawatosha watahiniwa wa ploti nzima.