Kanda za VHS za marehemu baba mdogo: WEKA MKASI CHINI

Usikate. Usitupe. Swali lako nimelisoma nikiwa kwenye basi, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu ili nikujibu kwa utulivu, na utulivu wenyewe sijaupata mpaka sasa.

Umesema marehemu baba yako mdogo aliishi Reading, amekuachia boksi la kanda 31 alizorekodi kwenye televisheni ya Uingereza kati ya 1983 na 1992. Unataka "filamu tu" ziingie kwenye flashi, matangazo na "zile habari za mvua" zikatwe, halafu boksi liende kwenye pipa. Na kwenye picha uliyoweka, kanda ya tatu kutoka juu imeandikwa kwa kalamu "Alhamisi 15/10/87". Mdogo wangu, unaijua siku hiyo?

Nitarudi hapo. Kwanza sikia ujinga wangu.

Nilifika Uingereza Januari 1984 natokea Tanga. Enzi hizo bara hatukuwa na televisheni. Wazanzibari walikuwa nayo tangu zamani, sisi tukasubiri mpaka 1994. Kwa hiyo kwenye chumba cha kupanga Croydon, TV ya chogo ndiyo ilikuwa ndugu yangu wa pekee. Na kilichoniteka si tamthilia. Ni utabiri wa hali ya hewa wa BBC. Mtu mzima amevaa koti na tai, amesimama mbele ya ramani ya chuma, mkononi ameshika wingu. Analibandika juu ya Scotland, tap! Linanasa kwa sumaku. Wingu jeusi lenye matone, mvua. Wingu jeupe, pumzi. Kuna siku wingu linagoma, linateleza polepole kutoka Wales kuelekea baharini, na yeye anaendelea kusoma kama hajaliona. Alama zile zilichorwa na mwanafunzi wa sanaa wa Norwich, Mark Allen, zikaanza kazi 1975. Sumaku zenyewe ziliondoka Februari 1985 kompyuta ilipoingia, ila michoro yake ikadumu mpaka 2005. Kiingereza changu cha mvua nilikiokota pale pale. Wale watu manyunyu wameyapa majina mengi kuliko nilivyo na mashangazi.

Nikanunua deki ya mkononi mwa mtu. Nilikuwa nategesha filamu ya usiku, nasinzia, kanda inakwenda yenyewe: filamu inaisha, utabiri unasomwa, ile nembo ya BBC ya tufe la dunia inazunguka, sauti ya mtangazaji inakuaga kwa upole kama mama mwenye nyumba anayezima taa, wimbo wa God Save the Queen unapigwa, kisha giza. Kila usiku BBC1 walikuwa wanafunga duka hivyo, mpaka Novemba 1997. Nilikuwa na kanda 14 za namna hiyo, nyingine za wiki za mwisho za sumaku, na sikujua nina nini.

Mwaka 2009 deki ikaanza kutafuna kanda. Nikazibeba mpaka duka moja, jina nalimeza. Nje wana bango: TUNAHAMISHA NA KUSAFISHA KANDA ZAKO. Mimi na akili zangu nikajua kusafisha ni kutoa vumbi! Jamaa akanipa fomu. Chini kuna kisanduku: kanda zitupwe baada ya kazi? Nikatia tiki. Kwa mkono wangu. Mama watoto alikuwa amechoka kujikwaa kwenye boksi koridoni, nikaona namaliza kesi mbili kwa kalamu moja. Pauni 15 kila kanda, piga hesabu mwenyewe, mimi nikipiga nazidi kuumia.

Wiki mbili baadaye nikakabidhiwa diski 14 zinameta. Nikachemsha chai, nikaweka ya Januari 1985, nikakaa. Filamu ikaanza. Filamu ikaisha. Skrini buluu tupu. Nikarudisha nyuma nikidhani nimeruka. Buluu. Nikaweka ya pili, ya tatu. Filamu, buluu. Filamu, buluu. Nikampigia. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesubiri bakshishi: "Takataka zote nimekuondolea, bosi."

Takataka!

Alichoniachia ni filamu za Hollywood ambazo leo utazipata popote, picha safi kuliko zangu mara kumi. Alichokata ndicho kitu pekee kilichokuwa changu. Nikauliza, kanda zenyewe ziko wapi? Gari la taka lilipita Jumanne. Bado nilienda. Mtu mzima na koti langu la kazini, nachungulia pipa nyuma ya duka kama paka wa sokoni. Nilikuta maganda ya ndizi, naomba msicheke sana.

Na si yeye peke yake. Kuna mjuaji mmoja wa jukwaani, wakati ule, ndiye aliyeniandikia "ukishahamisha tupa, kanda ni plastiki tu". Akikusoma leo, ajue bado nina neno naye.

Sasa, 15/10/87. Mchana wa siku hiyo Michael Fish wa BBC aliwaambia watazamaji kwamba kuna mama amepiga simu kasikia kimbunga kinakuja, akawatuliza, wasiwe na wasiwasi, hakipo. Usiku ule ule ikaja dhoruba iliyoua watu 18 Uingereza na kung'oa miti milioni 15. Mji wa Sevenoaks, jina lake lenyewe mialoni saba, uliamka umebaki na mmoja. Kipande cha Fish cha mchana kila mtu anacho, kinarudiwa mpaka kinachosha. Lakini baba yako mdogo alibonyeza kitufe saa ngapi? Kama ni jioni, kati ya filamu na filamu kuna nini? Wewe hujui, mimi sijui, na unataka kumlipa mtu akate kabla hatujajua.

Usidhani wenyewe wamehifadhi kila kitu. Kanda zilikuwa ghali, BBC walifuta hata vipindi vya tamthilia yao ya Doctor Who vya miaka ya 1960 ili kanda watumie tena. Nakala za vipindi tisa vilivyopotea hivyo zilikuja kupatikana Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni, ikatangazwa 2013. Jos! Kama wale nao wangesafisha stoo...

Kingine ambacho duka halitakuambia: Ceefax, zile kurasa za maandishi za BBC zilizoanza 1974 na kuzimwa 2012, zilisafiri kwenye mistari iliyojificha juu ya picha. VHS hunasa kivuli chake. Kuna watu wana programu inayolinganisha ukurasa uliojirudia mara nyingi hadi usomeke tena, matokeo ya mpira, hali ya hewa, vyote. Ukihamishia DVD mistari ile inapotea. Anayehitaji kuisoma lazima awe na kanda yenyewe. Kanda, si diski. Umenielewa? Hamisha nzima, kuanzia chenga za mwanzo mpaka chenga za mwisho, usikate sekunde, na kanda ibaki ndani. Fomu ikikuuliza itupwe, andika HAPANA kwa herufi kubwa, kisha simama pale mpaka wazirudishe zote 31. Zihesabu. Vunja na kile kijipande cha plastiki cha mgongoni mwa kanda, mtu asije akarekodi juu yake.

Uliuliza pia bei, ukungu mweupe kwenye kanda mbili, na uiuze wapi deki. Bei sina uhakika, zangu ni za 2009. Zenye ukungu usizitie kwenye deki kabisa, zitachafua kichwa chake na kuambukiza nyingine, ziweke pembeni peke yake. Na deki unaiuza ya nini?

Halafu hilo boksi umesema liko nje karibu na pipa. Gari la taka mtaani kwenu linapita siku gani? Kama ni kesho, acha kunijibu, vaa viatu ukaliingize ndani.