Kabla ya Slaidi, Jua Oda Moja Inakuachia Shilingi Ngapi

Mwekezaji wa kampuni changa hapa Nairobi hakosi mawazo ya kusikiliza. Anachotafuta ni mwanzilishi anayejua hesabu zake bila kufungua kompyuta. Kwa hivyo kabla ya kwenda kumwomba pesa, acha slaidi kwanza, shika kalamu, uandike oda moja tu tangu inapoagizwa hadi pesa inapoingia.

Tuseme unawapelekea mama mboga wa Kawangware bidhaa kutoka soko la Marikiti. Oda ni shilingi 3,000. Nyanya, vitunguu na sukuma umevinunua kwa 2,400, na hapo ndipo waanzilishi wengi husimama na kutangaza faida ya asilimia 20. Endelea kutoa. Mtu wa boda, 200. Nyanya zilizopondeka njiani, 90. Wapakiaji, 45. Ada ya kupokea malipo kwa simu, 15. Umebaki na 250, asilimia 8 na kidogo, na hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo mkutanoni.

Sasa weka gharama ya kumpata mteja. Ikiwa ujira wa wakala na punguzo la oda ya kwanza vilikula 1,500, mama huyo lazima aagize mara 6 ndipo pesa yako irudi. Akiagiza mara 2 kwa wiki, ni wiki 3. Akikuhama baada ya oda ya nne, amekuachia hasara ya 500. Ndiyo maana utaulizwa: kati ya walioanza mwezi wa kwanza, wangapi bado wanaagiza mwezi wa nne? Nenda na jedwali lenye jibu, hata kama halipendezi.

Asilimia 8 si aibu kwa kampuni ya miezi 9. Kinachoua mazungumzo ni ile 20 uliyoitaja kugeuka 8 vitabu vinapokaguliwa, maana kuanzia hapo hata ukweli wako unatiliwa shaka. Vivyo hivyo kwa mauzo: kama wewe ni dalali wa mtandaoni unayechukua asilimia 5, bidhaa za milioni 4 zikipita kwako, mapato yako ni 200,000. Usiseme milioni 4.

Ukubwa wa soko uhesabu kuanzia chini: vibanda vya mtaa mmoja mlivyovihesabu kwa miguu, mara wastani wa oda, mara oda za mwezi, kisha mitaa mnayoweza kufika kwa mwaka. Na tafadhali usiseme huna washindani. Mshindani wako ni desturi ya mama mboga kuamka saa kumi alfajiri, kupanda matatu na kujichagulia nyanya kwa mkono wake. Eleza kwa nini ataiacha.

Kiasi unachoomba kitokane na kazi. Ukitumia 700,000 kwa mwezi kwa miezi 18, ni milioni 12.6, ongeza akiba ya milioni 2.4, uombe 15. Sema pia kampuni itakuwa imefika wapi pesa hizo zikiisha, kwa namba. Halafu uwe wazi kuhusu thamani ya kampuni. Milioni 60 kabla ya uwekezaji inampa mwenye milioni 15 asilimia 20. Milioni 60 baada ya uwekezaji inampa asilimia 25. Neno moja, na asilimia 5 ya kampuni imekutoka.

Hati ndizo hukwamisha watu wakiwa wameshakubaliwa. CR12, hati inayotolewa na msajili wa kampuni, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na mara nyingi humo bado yumo rafiki aliyeondoka zamani akiwa na asilimia 40. Malizana naye mapema, na waanzilishi waliobaki waandikiane mkataba wa kupata hisa kidogo kidogo kwa miaka 4. Aliyekuandikia programu kwa kibarua atie saini kwamba kazi ni mali ya kampuni. Ukihifadhi taarifa za wateja, jua Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka nini. Na pesa za biashara ziingie kwenye Till ya kampuni, yaani namba yake ya kupokea malipo kwa simu. Zikipitia simu yako binafsi, zikichanganyika na kodi ya nyumba na michango ya harusi, hakuna mkaguzi atakayezitenganisha.

Siku yenyewe, dakika 10 na slaidi 10 hadi 12 zinatosha. Sentensi ya kwanza iseme mnauza nini, kwa nani. Programu ionyeshe kwa video iliyorekodiwa kwenye simu, kwa sababu intaneti hukatika pale pale unapoihitaji. Usidai mkataba wa usiri kabla ya kueleza wazo, wawekezaji wengi hawausaini. Usipojua jibu, sema utalileta kesho, ulilete.

Jioni hiyo tuma barua pepe fupi: majibu uliyoahidi na slaidi kwa PDF. “Tutawasiliana” si ndiyo, basi uliza wazi ni namba gani angependa kuona ikibadilika ndipo mzungumze tena. Kisha mwandikie kila mwezi, mistari 6 tu: oda, mapato, wanaorudi, pesa iliyobaki benki, kilichoharibika, na msaada unaouhitaji. Mwezi mbaya pia uandike.