Usiutoboe uvimbe wa shingoni mwa kichanga

Hongera kwa mtoto, dada, na pole kwa wasiwasi. Umesema ana wiki mbili, amezaliwa na uvimbe laini ubavuni mwa shingo, haumuumi, na ukimulikwa tochi unapitisha mwanga. Mara nyingi huo ni mfuko wa limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye mishipa yake, mbali na ile ya damu. Si saratani, wala hukuusababisha kwa chakula ulichokula ukiwa mjamzito (najua mawifi watasema).

Usikubali mtu autoboe wala kuuchua kwa dawa za mitishamba. Uvimbe unaweza kuvujia damu ndani au kutunga usaha, na maji yakitolewa tu hurudi. Anza na utrasaundi, haina mionzi. Ukionekana umezama kuelekea kifuani au chini ya ulimi, ataongezewa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo. Mifuko mikubwa huchomwa sindano ya dawa ya kuisinyaza, kama bleomaisini, mara kadhaa. Mingine hukatwa, ingawa ikibaki sehemu huweza kuota tena.

Akikoroma, akishindwa kunyonya, mbavu zikibonyea anapopumua, au uvimbe ukikua ghafla, mpeleke hospitali usiku huohuo.