Dakika Kumi Baada ya Alfajiri

Assalaam aleikum, Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Mume wangu yuko kazini Mombasa, nami namuuguza mama mkwe huku nikishona kofia za vito, yaani zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, za watu wanaozitaka kabla ya Maulidi. Kwa miezi miwili sasa usiku moyo hunienda mbio na usingizi haunijii, na juzi nilimfokea mwanangu mdogo kwa kumwaga chai hadi akatetemeka. Rafiki yangu anayefanya kazi katika nyumba ya wageni huko Shela amenishauri nikae kimya kila siku, nifuate pumzi na kutafakari, kama wafanyavyo wageni wake. Nilijaribu mara moja, akili ikazurura, nikainuka. Je, jambo hili lina faida kweli? Halitaniharibia dini? Na nikikosa siku moja, huwa nimepoteza yote? – Mama wa Langoni

Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisita pale pa mtoto na chai, kwa kuwa najua hukuyaandika maneno hayo kwa moyo mwepesi. Ikiwa bado hujamwomba radhi, mwombe leo. Mtoto huelewa zaidi ya tunavyodhani.

Faida ipo, ingawa si ya miujiza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichambua tafiti 47 zilizohusisha watu zaidi ya 3,500, wakaona kwamba kutafakari kwa mpango hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi, lakini hawakupata ushahidi kwamba kunashinda dawa au mazoezi ya mwili. Mimi huliamini zaidi jambo linaloahidi kidogo namna hiyo. Programu iliyo maarufu zaidi, ambayo Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 huko Massachusetts, huchukua wiki nane; wewe ulijipa asubuhi moja tu, kisha ukajihukumu kuwa umeshindwa.

Sababu ya kufaa kwake imo mwilini mwako mwenyewe. Mtu akiishi na hofu mfululizo, mwili hukaa kama unaongoja kukimbia: moyo hupiga kwa nguvu, pumzi huwa fupi na misuli hukaza. Unapotoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni huuashiria moyo upunguze kasi. Hilo huanza papo hapo, hata kabla akili haijatulia.

Kuhusu akili kuzurura, hapo ndipo nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili wewe unalijua kuliko huyo rafiki yako. Unaposhona kofia, sindano inazunguka kito kimoja baada ya kingine, mara mawazo yanakwenda Mombasa kwa mumeo, na ukitazama unakuta uzi umepita pasipo pake. Huitupi kofia. Unaufumua uzi ule, unarudi kwenye kito ulichokiacha, unaendelea. Kutafakari ndiko huko, ila mahali pa kito pana pumzi. Akili ikienda kwenye deni la dukani, tambua kwamba imekwenda, kisha irudishe. Ikienda mara arubaini, irudishe mara arubaini. Kule kurudisha ndilo zoezi lenyewe, na ndiko kutakakokupa, siku mtoto atakapomwaga chai tena, ile nafasi ndogo kati ya hasira na ulimi.

Kwa upande wa dini, kukaa kimya ukifuata pumzi si ibada ya mtu mwingine, na faragha ya kutafakari si ngeni kwetu: Mtume (S.A.W.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kushushiwa wahyi. Ukiona afadhali uandamanishe pumzi na dhikri, fanya hivyo. Moyo ukibaki na shaka, muulize sheikh unayemwamini, umweleze hasa unachokifanya.

Muda unao, hata kama huuoni. Ukishaswali alfajiri, usiukunje msala. Kaa hapo hapo, au uani penye hewa, kabla punda hawajaanza kupita vichochoroni na mizigo, uwe na dakika kumi. Ikiwa ukimya unakuletea kumbukumbu nzito, fumbua macho, sikiliza sauti za mtaani, na uache kwa siku hiyo.

Hata hivyo, mwanangu, pumzi haitambeba mama mkwe wako kumpeleka msalani. Mwambie mumeo waziwazi kwamba mzigo umekuelemea, na mtafute ndugu wa kukupokea hata siku mbili kwa wiki. Nenda pia hospitalini ukapimwe presha na huo moyo unaokwenda mbio, wala usisubiri wiki nane.

Na ukikosa siku moja, hujapoteza kitu. Usijaribu kuilipa kesho yake kwa kukaa dakika ishirini. Kaa zile zile kumi.