Swali la Lugha: Askari alifyatua, au bunduki ilifyatuka?

SWALI: Ninatafsiri habari za kimataifa katika kituo kimoja cha redio hapa Mombasa. Juzi nililetewa habari kutoka Marekani, nikaiandika hivi: “Mtu mmoja amefariki kufuatia ufyatulianaji wa risasi uliohusisha afisa wa polisi. Afisa huyo amewekwa kwenye likizo ya kiutawala.” Mhariri aliipitisha. Baada ya matangazo, msikilizaji mmoja alipiga simu akauliza marehemu alikuwa na bunduki ya aina gani, ilhali hakuwa na silaha yoyote. Nilikosea wapi?

JIBU: Msikilizaji wako alisikia barabara yale uliyoyasema, na kosa limo katika silabi moja. Neno “ufyatulianaji” limeundwa vizuri kisarufi, lakini limebeba kiambishi -an- cha kutendana, kile kile kilichomo katika kupigana, kuandikiana na kurushiana maneno. Ukisema watu wamefyatuliana risasi umekwisha kusema kwamba kila upande ulikuwa na silaha na kila upande uliitumia, hata kama hukukusudia. Hali ni hiyo hiyo kwa “kurushiana risasi” na “majibizano ya risasi”, misemo ambayo magazeti yetu huitumia kwa wepesi kila panapokuwa na polisi na maiti. Hujibizani na mtu asiyejibu.

Inafaa tukitazame kidogo kitenzi chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachotuonyesha jinsi Kiswahili kinavyogawa wajibu. Kufyatua ni kuachilia kwa ghafla kitu kilichobanwa au kukazwa: mtego hufyatuliwa, na fundi wa matofali hulifyatua tofali kutoka kwenye kalibu. Askari akifyatua risasi, mtendaji yupo mbele yetu. Zikifyatuliwa risasi, mtendaji hatajwi lakini yupo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Bunduki ikifyatuka, hakuna mtendaji kabisa. Chombo kimejitenda chenyewe, kama mtego uliofyatuka bila panya kuukanyaga. Kwa hiyo “bunduki ilifyatuka” si njia ya upole ya kusema kwamba askari alifyatua. Ni dai zito juu ya namna silaha ilivyofanya kazi, na kulithibitisha ni kazi ya mtaalamu wa silaha na risasi baada ya kuikagua bunduki, kifyatulio chake na maganda yaliyookotwa. Si kazi ya mtafsiri wa habari, wala ya msemaji wa polisi saa moja baada ya tukio.

Tofauti nyingine ndogo ni kati ya kumfyatulia mtu risasi na kumpiga mtu risasi. Aliyefyatuliwa huenda hakupatwa, ilhali aliyepigwa amepatwa. Wala hakuna kati ya hivyo kinachosema kwamba alikufa; kifo kinahitaji kitenzi chake.

Sasa tuje kwenye “uliohusisha”. Hukulibuni neno hilo wewe. Kiingereza cha polisi wa Marekani kina msemo rasmi unaoelezea matukio haya kuwa ni ya upigaji risasi unaohusisha afisa, na msemo huo ulitoka kwenye taarifa za polisi ukaingia magazetini. Waandishi wa huko wenyewe wameulalamikia kwa miaka mingi, hata shirika la habari la Associated Press, katika mwongozo wake wa uandishi, likawashauri waandishi mwaka 2020 wauepuke kwa sababu haueleweki. Afisa anaweza kuhusishwa kwa kupiga, kwa kupigwa, au kwa kupita tu njiani. Kama habari uliyoletewa ilieleza mahali popote kwamba askari ndiye aliyepiga, ulikuwa na ruhusa ya kulisema hilo katika sentensi ya kwanza.

Sisi pia tuna ukungu wetu, na hatukuuazima kwa mtu. Mwishoni mwa Machi 2020, siku za mwanzo za kafyu ya korona nchini Kenya, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi, wakati polisi walipokuwa wakiwaondoa watu barabarani. Habari za mwanzo zilizungumza juu ya “risasi iliyopotea”. Tazama nani anayepotea katika sentensi hiyo: risasi. Baadaye mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, ilichunguza, na mwaka huo huo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha afisa mmoja ashtakiwe kwa mauaji. Ndipo sentensi ilipopata mtendaji, ingawa ni mtendaji anayedaiwa, jambo ambalo mwandishi mwangalifu hana budi kulionyesha kwa maneno kama “anayetuhumiwa” hadi mahakama itakapoamua.

Sheria ya Kenya, kwa bahati nzuri, haikuandikwa kwa ukungu huo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linataka askari aliyetumia bunduki amwarifu mkubwa wake mara moja, majeruhi wapewe msaada wa matibabu, jamaa zao waarifiwe, na mkubwa wa aliyefyatua aipelekee IPOA taarifa endapo mtu amekufa au ameumia vibaya. Kila hatua ina mtu wake. Ukizifuata hatua hizo katika habari yako, vitenzi vitajipanga vyenyewe: nani alifyatua, nani alipigwa, nani aliarifiwa, nani anachunguza.

Kuhusu “afisa”, angalia unazungumza na nani. Kenya kila polisi huweza kuitwa afisa, na hakuna atakayeshangaa. Tanzania husema “maofisa, wakaguzi na askari”, kwa hiyo msikilizaji wa Tanga atadhani aliyepiga risasi ni mtu mwenye cheo kikubwa. Polisi wa doria wa Marekani ni askari tu, na “askari polisi” inaeleweka pande zote mbili za mpaka.

“Likizo ya kiutawala” nakushauri uiache kabisa. Kwa masikio yetu likizo ni mapumziko, na msikilizaji atamwona askari huyo ufukweni. “Amesimamishwa kazi” nayo imepita kiasi, kwa sababu inaashiria adhabu au tuhuma, wakati idara nyingi za Marekani humwondoa kazini kila askari aliyempiga mtu risasi kama utaratibu wa kawaida, mshahara ukiendelea. Watanzania wana msemo ambao ningependa Wakenya tuuchukue bila aibu: mtu hukaa pembeni “kupisha uchunguzi”.

Nina tahadhari moja. Pale ambapo hakika haijulikani ni nani aliyepiga, usimtaje mtu. Andika “alipigwa risasi”, kisha ueleze kwamba aliyepiga hajajulikana. Kutendwa bila mtendaji ni uaminifu pale tu ambapo mtendaji hajulikani.

Basi, kama taarifa uliyokuwa nayo ilieleza kwamba askari ndiye aliyepiga na kwamba mshahara wake unaendelea, ningeisoma hivi: “Askari polisi amempiga risasi na kumuua mtu mmoja ambaye hakuwa na silaha. Askari huyo ameondolewa kazini kwa muda kupisha uchunguzi, huku akiendelea kulipwa mshahara.”