Setilaiti ya Uhuru ilikuwa ya nani
Ilikuwa ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, si ya Kenya, ila kurushwa ilirushwa kweli baharini upande wa Malindi, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya ndo maana ikapewa hilo jina. Walipapenda pale sababu ni karibu na ikweta, huko dunia inazunguka kwa kasi zaidi kwa hiyo roketi ikielekea mashariki inapata msukumo wa bure. Na si kitu kidogo jamani, ndo setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kusoma eksirei, yaani miale inayotoka kwenye nyota na vitu vingine vya angani, tu. Majukwaa bado yapo, ukisimama ufukweni Ngomeni unayaona, ila roketi ya mwisho iliruka pale 1988.