Ziro ya form four na milioni moja na nusu: mimi niliondoka Kigoma hivyohivyo

Dogo wa Kasulu ameuliza: form four alipata ziro, ana milioni moja na nusu ya maharage, anataka kwenda nje, nchi yoyote, "hata kuosha vyombo". Mwakeye, dogo (salamu ya Kiha hiyo). Nakujibu kwa sababu mwaka 2014 nilikuwa kama wewe, ila mimi wa Ujiji na hela yangu ilitoka kwenye dagaa.

Kwanza nilipigwa. Jamaa mmoja wa Dar alinipa mchongo wa kiwandani Kanada, eti shule haihitajiki. Nikamtumia laki nane kidogo kidogo: ya fomu, ya vipimo, ya kuharakisha. Alipotuma picha ya viza nikampelekea mwalimu mmoja pale Mwanga, Kigoma mjini. Akaikuza kwenye simu, akacheka. Jina langu lilikuwa na mwandiko wake, maneno mengine mwandiko tofauti, na neno "ubalozi" kwa Kiingereza limekosewa herufi. Hela ya giza mbili, yaani vipindi viwili vya usiku usio na mwezi, za kukesha ziwani na karabai ziliishia pale.

Kilichobaki nikanunua magunia ya dagaa, nikapanda nayo meli ya Liemba. Enzi hizo ilitoka Jumatano, Mpulungu, bandari ya Zambia, ukafika Ijumaa, na kwenye vijiji vingi ilisimama majini tu, mitumbwi ndiyo iliyoifuata. Dagaa nikawauza Zambia, ikawa nauli ya mbele: Lusaka, Zimbabwe, Beitbridge, Johannesburg.

Sauzi tunaingia bila viza, siku 90. Vijana wakisikia "bila viza" wanaelewa "bila shida". Zile siku ni za kutembea, kazi hairuhusiwi. Na mwaka huohuo 2014 walikaza: ukipitiliza zaidi ya siku 30, ukitoka unafungiwa miaka mitano. Mimi nilipitiliza. Ukishafika hapo bosi anakujua. Ijumaa ya malipo anakata anavyotaka, na wewe ukimwona polisi unavuka barabara, utamshtaki wapi? Aprili 2015 fujo za kupiga wageni zilianzia Durban zikatufikia, tukajifungia geto siku tatu na mkate mkavu. Nyumbani nilikuwa nawaambia niko poa.

Sasa nisikilize hapa. Kwenye saiti mimi nilibeba zege. Kulikuwa na Mmalawi, shule hana kabisa, Kiingereza chake kibovu kuliko changu, lakini anachomelea. Kwa siku alipata mara mbili yangu, na asubuhi bosi alimfuata mwenyewe kwa gari. Sisi wa zege tulisubiri barabarani tuchaguliwe kama kuku wa mnadani.

Kwa hiyo ile hela isimguse dalali. Pasipoti ni 150,000, na anza kukusanya mapema vyeti vya kuzaliwa, chako na cha mzazi, pamoja na kitambulisho cha NIDA. Sisi wa mpakani tunaulizwa hadi babu alizaliwa wapi, kwa hiyo usisubiri mchongo uje ndipo uanze kufukuzana na karatasi. Inayobaki kaifanyie ufundi: kuchomelea, umeme, vigae, chochote. Kama tayari unajua kazi ya mtaani, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi wa serikali, wana utaratibu wa kupima ujuzi ulioupata nje ya darasa na kukupa cheti. Ziro yako haiwahusu. Mimi hilo nililijua nikiwa nimesharudi, 2016, na karatasi yangu ya miaka mitano mfukoni.

Na kama unawaza Uarabuni: mara nyingi mwajiri ndiye mdhamini wa viza yako. Ukimtoroka, umetoroka na uhalali wako. Wakala akuoneshe leseni na mkataba wenye mshahara ulioandikwa kabla hujampa hata mia. Akikwambia mkataba utausaini ukifika, kata simu.

Hujasema hapo Kasulu unafanya nini zaidi ya shamba. Kuna fundi umewahi kumsaidia hata wiki mbili? Andika hapa nijue nikushauri wapi pa kuanzia.